Kuwafuata Wajumbe: Iowa, New Hampshire, South Carolina na Michigan, Januari hadi Machi 2024

Nimerudi Tanga, risiti nimezimwaga mezani na picha nimezihamishia kwenye kompyuta. Wengi mmeniuliza kwa nini mwalimu wa Uraia atumie akiba yake kuzunguka Marekani msimu wa theluji badala ya kwenda kuona Niagara. Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba Marekani ni "nchi ya vyama viwili", halafu mwanafunzi akiuliza wagombea wa hivyo vyama wanapatikanaje, najibu kwa sentensi mbili na kengele inaniokoa. Safari hii nilitaka kuona kwa macho kura ya mtu inavyogeuka kuwa mjumbe.

Hesabu kubwa kwanza, msomaji asije akapotea njiani. Mgombea urais wa chama cha Republican anapitishwa na wajumbe 2,429 kwenye mkutano mkuu, ambao mwaka 2024 ulipangwa Julai, mjini Milwaukee. Mwenye 1,215 amemaliza kazi. Kura za mchujo za majimbo kazi yake ni kuwagawa hao wajumbe. Sisi tuliopitia kura za maoni za CCM za 2020 na ule msemo wa "wajumbe si watu" tungetegemea vituko vya usiku, lakini kule mjumbe hana pa kuchomokea: kwa sehemu kubwa, raundi ya kwanza amefungwa na matokeo ya jimbo lake. Vituko vimehamia kwenye kanuni za mgao, na kila jimbo lina zake.

Ijumaa, 12 Januari. Chicago

Nilitua salama kutoka Doha, nikakuta ubao wa safari za ndani umejaa wekundu. Dhoruba ya theluji ilikuwa imefunga anga ya Iowa, na ndege yangu ya Des Moines ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho ikafutwa. Foleni ya kaunta ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu walikaa chini na kuisogelea kwa makalio. Mama mmoja wa Ethiopia, mfanya usafi, aliniona nimejikunyata kwenye viti vya chuma na koti la Dar es Salaam. Akaondoka bila neno, akarudi na blanketi jepesi na kikombe cha chai. Hela alikataa. Alinionyesha kwa mkono kona ambayo upepo wa mlango haufiki.

Kwa watakaofuata: msimu huu weka angalau siku mbili za akiba kabla ya tukio lolote unalolifuata. Nilizokuwa nazo ndizo zilizoniokoa.

Jumapili, 14 Januari. Basi la Des Moines

Ndege ilishindikana, nikakata tiketi ya basi, dola 74 kwa kuwa nilinunua siku hiyohiyo. Tulivuka mto Mississippi pale Davenport, barafu imeshika kingo zote. Baada ya hapo ni nyeupe tupu: mashamba ya mahindi yaliyolala, maghala ya chuma, malori yaliyopinduka kando ya barabara yakisubiri winchi. Dereva alikuwa akipunguza mwendo kila daraja, na safari ya saa sita ikawa ya saa kumi.

Kituo cha mafuta tuliposimama kula kila kitu kilikuwa na nguruwe: mkate, supu, hadi maharage. Iowa ina nguruwe wengi kuliko watu, mara kadhaa. Muislamu abebe tende na karanga zake.

Shemeji alinipokea na buti na koti zito, vyote vya jirani yake, mzee wa Kikongo kutoka Uvira aliyeishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. "Mwalimu," akaniambia, "hii baridi haiko ya kuchezea." Tukacheka, tukala ugali na sombe.

Jumatatu, 15 Januari. Usiku wa kokasi

Nje ilikuwa kama nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi, na upepo ukivuma ngozi inauma kwa dakika moja. Matangazo ya huko ni ya Farenhaiti, kwa hiyo ukisikia "sifuri" usidhani ni sifuri ya barafu tunayoijua, hiyo ni kama 18 chini yake.

Kokasi si uchaguzi wa serikali. Ni mkutano wa chama, wa mtaa kwa mtaa, unaoanza saa moja kamili jioni jimbo zima. Hakuna kupiga kura asubuhi ukaenda zako kazini. Mwenye zamu ya usiku amekosa. Mzee wa Uvira, aliyepata uraia si zamani, alikuwa anahudhuria kwa mara ya kwanza, na mimi nikaenda naye kama mtazamaji. Mlangoni walimwomba kitambulisho, wakamwandikisha uanachama wa Republican palepale, dakika tano. Mimi nilimwomba mwenyekiti ruhusa, akanionyesha benchi la wageni na waandishi.

Ukumbi ulikuwa wa mpira wa kikapu wa shule ya msingi, viti vya watoto, watu wazima magoti yamefika kidevuni. Wakaapa kwa bendera. Kisha kila mgombea akasemewa na mtu mmoja wa mtaani kwa dakika chache. Mama aliyemsemea Nikki Haley alikuwa na karatasi inayotetemeka. Kijana wa Vivek Ramaswamy alisema kama anauza simu. Msemaji wa tatu akiwa bado amesimama, simu zikaanza kulia ukumbi mzima. Ilikuwa kama saa moja na nusu, na shirika la habari la AP lilikuwa limeshamtangaza Donald Trump mshindi wa Iowa. Pale ndani hakuna aliyekuwa amepiga kura! Mzee nyuma yangu akatupa kofia sakafuni. Kambi ya Ron DeSantis, gavana wa Florida wakati huo, aliyezunguka kaunti zote 99 za Iowa, ililalamikia jambo hilo usiku kucha, na kwa hili nadhani walikuwa na haki.

Karatasi ya kura ilikuwa kipande cheupe kitupu. Unaandika jina kwa mkono, unakunja, unatumbukiza kwenye ndoo ya kuwekea bisi. Kisha meza ikavutwa katikati na karatasi zikafunguliwa moja moja mbele ya kila mtu, wawakilishi wa wagombea wakiinama juu yake. Mzee wa Uvira alificha yake hadi leo. Shemeji alipombana njiani, akasema, "Kule nilikotoka walikuwa wananijazia wenyewe. Hii moja niachie."

Nilichokithamini zaidi kilikuja baada ya hapo. Matokeo yalipotangazwa, watu wakavaa makoti na kutoka mbio kuwasha magari. Wakabaki kama kumi. Hao ndio waliochagua wajumbe wa mkutano wa kaunti, kwa kuuliza tu nani ana nafasi mwezi wa tatu. Kutoka kaunti watachujwa kwenda wilaya ya uchaguzi, yaani eneo la mbunge mmoja, kisha jimbo, hadi Milwaukee. Matokeo ya ndoo ya bisi yanasema mgombea fulani apate wajumbe wangapi. Ngazi hii ndefu ndiyo inayosema ni watu gani.

Iowa nzima: Trump asilimia 51, DeSantis 21, Haley 19, Ramaswamy karibu 8. Wajumbe 40 wakagawanywa 20, 9, 8 na 3. Iowa haina kiwango cha chini cha kura za kumpatia mgombea mjumbe, ndiyo maana hata mwenye asilimia 8 aliondoka na watu wake watatu, ingawa usiku uleule alijitoa kwenye mbio.

Upande wa chama cha pili, Democratic, wao walikutana kwa shughuli za chama tu. Kura zao za urais zilikuwa za posta, matokeo Machi 5.

Tahadhari: usinunue kofia wala fulana kwenye meza rasmi ya kampeni. Malipo hayo yanahesabiwa ni mchango, na sheria ya Marekani inamkataza mgeni asiye na ukaazi wa kudumu kuchangia mgombea. Mchuuzi wa barabarani anayejiuzia mwenyewe ni biashara nyingine. Kofia yangu ni ya dola 15, na jina la mgombea limekosewa herufi.

Jumamosi, 20 Januari. Manchester, New Hampshire

Ndege hadi Boston, dola 168 na begi juu yake, kisha basi la saa moja na ushee. Hoteli zote za katikati ya mji zilikuwa zimechukuliwa na wanahabari. Nikapata chumba kwa bibi mmoja mjane, dola 60 kwa usiku, na asubuhi chapati za maji zenye asali ya mti wa maple. Supu yao maarufu ya kombe ina mafuta ya nguruwe mara nyingi, uliza kwanza.

Jumapili mchana DeSantis akajitoa. Bibi alizima redio akasema wamebaki wawili, sasa itakuwa fupi.

Jumanne, 23 Januari. Siku ya kura

Hapa ni uchaguzi kamili wa serikali: vituo, karatasi zilizochapwa, wasimamizi walioapishwa. Sheria ya jimbo inataka mchujo wao utangulie wa jimbo lingine lolote kwa angalau siku saba, na katibu wa jimbo ndiye mwenye kalamu ya tarehe. Mwaka 2024 Kamati ya Taifa ya Democratic iliamua South Carolina ianze. New Hampshire ikasema sheria ni sheria, ikapiga kura. Matokeo yake, Joe Biden, rais wa wakati huo, hakuweka jina lake kwenye karatasi, na wafuasi wake walisimama kwenye theluji na mabango ya kuwaomba watu waliandike kwa kalamu. Wakaliandika! Alishinda kwa zaidi ya asilimia 60 bila kuwamo kwenye karatasi. Lakini chama kilikuwa kimeshasema kura hiyo haitahesabiwa katika kugawa wajumbe.

Ada ya kugombea ilikuwa dola 1,000 tu, kwa hiyo karatasi ilikuwa ndefu. Alikuwamo hata bwana anayetembea na buti kichwani badala ya kofia.

Kituoni nilisimama nyuma ya uzio wa watazamaji, karibu na mlango wa kutokea, na nikabaki hapo saa nzima kwa sababu ya meza moja. Jimboni humo wapigakura wengi hawajajiandikisha na chama chochote. Mtu wa namna hiyo akifika anaulizwa anataka karatasi ya chama gani. Akitaja Republican, papo hapo ameandikwa Republican. Anakwenda kwenye kibanda, anapiga, anaiingiza karatasi kwenye mashine. Kisha anapita kwenye ile meza ya mlangoni, anasaini, na anarudishwa kuwa asiye na chama. Bwana mmoja mwenye ovaroli ya fundi bomba nilimpigia saa: alikuwa mwanachama kwa dakika tisa. Nilimuuliza kama haoni ajabu. Akajibu kwamba ajabu ni kulipia uchaguzi kwa kodi yako halafu ufungiwe nje.

Watu hao ndio walimbeba Haley. Kijiji cha Dixville Notch, kinachopiga kura saa sita usiku, kilimpa kura zote sita. Jimbo zima alipata asilimia 43 na Trump 54. Hapa kiwango cha chini ni asilimia 10, waliobaki wote wakawa chini yake. Wajumbe 22: Trump 13, Haley 9.

Wiki zilizofuata nilizimaliza kwa binamu yangu Worcester, Massachusetts, nikipiga koleo theluji na kula pilau.

Alhamisi, 22 Februari. Charleston, South Carolina

Nilishuka uwanjani nikavua koti kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. Minazi hakuna, ila miti ya jamii yake ipo, na upepo una chumvi. Mgahawa mdogo wa familia ya Kigullah, watu weusi wa pwani waliohifadhi lugha na mapishi yao tangu enzi za utumwa, ulinipa mchuzi wa bamia na kamba juu ya grits, dola 16. Hiyo grits ni ugali wa mahindi ulioondolewa jikoni kabla haujashikana. Mwenye mgahawa alipojua natoka Afrika Mashariki alikataa bakshishi, akanifungia na kipande cha mkate wa viazi vitamu.

Jumamosi, 24 Februari. Charleston na Mount Pleasant

Haley alikuwa gavana hapa kuanzia 2011 hadi 2017, nyumbani kabisa. South Carolina haina uandikishaji wa vyama, na mpigakura yeyote anaweza kuingia mchujo wowote ila mmoja tu. Aliyepiga kura kwenye mchujo wa Democratic Februari 3 alikuwa ameshamaliza zamu yake. Sikuingia vituoni, nilikaa maegeshoni Mount Pleasant na chupa ya maji, nikazungumza na wanaotoka. Mama mmoja mwalimu mstaafu, Democratic wa maisha yake yote, aliniambia Februari 3 alikaa nyumbani kwa makusudi ili leo aje kumpinga Trump. Dereva wa lori akaniambia Haley alikuwa gavana mzuri, na kura amempa Trump.

Vituo vilifungwa saa moja jioni, na saa moja ileile mshindi akatangazwa. Asilimia 60 kwa 40, kwa kuzungusha.

Usiku huo nililala nimechelewa kwa ajili ya karatasi na kalamu. Kwa mgao wa Iowa, asilimia 40 ya wajumbe 50 ingekuwa wajumbe 20. Haley alipata 3. South Carolina inagawa hivi: wajumbe 29 wanakwenda wote kwa aliyeongoza jimbo zima, hata kwa kura moja. Waliobaki 21 ni wa wilaya saba za uchaguzi, watatu kila moja, na anayeongoza wilaya anazoa watatu wote. Haley aliongoza Wilaya ya Kwanza peke yake, ile ya pwani, yenye Mount Pleasant nilikoshinda siku nzima. Watu walioniambia habari zao pale maegeshoni walikuwa sehemu ya wale wajumbe watatu. Katika wilaya nyingine sita kura zake zote hazikuzaa hata mjumbe mmoja.

Kanuni za taifa za Republican zinalazimisha majimbo yanayopiga kura kabla ya Machi 15 yagawe kwa uwiano, lakini majimbo manne ya mwanzo, hili likiwamo, yamesamehewa.

Na kwa nini jimbo la watu milioni tano na kitu lina wajumbe 50, wakati Michigan yenye milioni kumi ina 55? Kila jimbo linaanza na 10, linaongezewa watatu kwa kila wilaya ya uchaguzi na watatu wa uongozi wa chama. Halafu kuna bonasi ya utiifu: jimbo lililompa Republican kura ya urais 2020, lenye gavana na maseneta wa chama hicho, linaongezewa. South Carolina ilipata 16 za bonasi. Michigan ilipata 3.

Jumanne, 27 Februari. Dearborn, Michigan

Ndege hadi Detroit dola 121, basi la mjini dola 2, baridi ikarudi na salamu zake. Dearborn ina Waarabu wengi kuliko mji wowote wa Marekani nilioupita, na migahawa ya Kiyemeni inakesha. Nikaagiza chai ya Adeni: maziwa, iliki, mdalasini. Mwenye duka alipokuwa akimimina kutoka juu nikajikuta namsalimu kwa Kiarabu changu cha madrasa. Ndugu wa babu yake, akasema, waliishi Unguja. Chai ikawa ya bure, na ya pili pia.

Siku hii ilikuwa na mambo mawili. Kwa Democratic, harakati za kupinga sera ya Biden kuhusu Gaza zilikuwa zinawaomba watu waweke alama kwenye kisanduku cha kutofungamana na mgombea yeyote. Zaidi ya watu 100,000 wakaweka, asilimia 13 ya jimbo. Ndani ya Dearborn walizidi nusu. Kiwango cha Democratic ni asilimia 15, kwa hiyo kwenye mgao wa jimbo zima hawakupata kitu. Lakini kiwango hichohicho kinapimwa pia wilaya kwa wilaya, na katika wilaya mbili walikivuka. Wajumbe wawili, dhidi ya 115 wa Biden. Vijana kwenye meza ya pili walikuwa na ramani ya wilaya kwenye simu na walikuwa wakihesabu kama watu wa mpira wanavyohesabu magoli ya ugenini.

Kwa Republican ilikuwa tata zaidi. Serikali ya jimbo, ikiwa mikononi mwa Democratic, ilisogeza tarehe hadi Februari. Kanuni za Republican zinaadhibu jimbo lisilo na ruhusa likipiga kura kabla ya Machi 1. Chama kikajinasua kwa kugawa mzigo: wajumbe 16 tu wafuate kura za Februari 27, na 39 waamuliwe na mkutano wa wanachama Grand Rapids Jumamosi, Machi 2. Haley alipata karibu asilimia 27, wajumbe 4 dhidi ya 12.

Anayetaka kuona mkutano wa namna ile apange mapema, kwa sababu mimi tiketi yangu ya kurudi ilikuwa Machi 1 na kuibadilisha wangenitoza dola 300. Kwa jumla, ukiacha nauli ya Tanzania kwenda na kurudi, nilitumia kama dola 1,900, na ni kidogo hivyo kwa sababu nyumba tatu zilinilaza na kunilisha.

Jumapili, 3 Machi. Dar es Salaam

Niliwasha simu Ubungo nikisubiri basi la Tanga. Grand Rapids: wilaya 13, wajumbe watatu kila moja, 39 kwa 39, zote za Trump. Michigan nzima ikawa 51 kwa 4. Yule mwenye duka la chai alikuwa ameshanitumia ujumbe kuuliza kama nimefika.